Hedifoni yako ya Bluetooth huenda bado nzima: jua kosa liko wapi kabla hujanunua nyingine

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafanya ufundi wa simu na vifaa vya sauti, na kinachoniuma ni kuona watu wanatupa hedifoni ambazo hazijafa. Upande mmoja ukipungua sauti, au ikianza kukatakata, mtu anakwenda moja kwa moja Kariakoo kutafuta nyingine, na mara nyingi anaondoka na feki iliyo mbovu kuliko ile aliyoiacha nyumbani. Kwenye hedifoni isiyo na waya vitu vinavyokufa kweli ni vichache, na betri ndiyo inayoongoza. Mengi yaliyobaki ni uchafu, mipangilio ya simu, au mawimbi.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, tafuta kosa liko upande gani. Unganisha hedifoni hiyo na simu ya mtu mwingine, kisha piga wimbo uliohifadhiwa ndani ya simu, usipige wa mtandaoni. Ikiimba vizuri huko, hedifoni haina kosa, kesi ni ya simu yako. Ikisumbua kote kuwili, ni yenyewe. Wimbo wa ndani ya simu una sababu yake: wengi wanailaumu Bluetooth wakati kinachokata ni mtandao. Zipo pia simu ambazo kioo kikizima zinabana programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa chaji, na muziki unasimama baada ya dakika chache. Hilo linamalizwa kwenye mipangilio ya betri: iruhusu programu yako ya muziki itumie betri bila kubanwa.

UPANDE MMOJA UMEPUNGUA AU UMEKUFA

Kwenye zile ndogo za kutumbukiza sikioni, mshukiwa wa kwanza ni nta ya masikio. Mbele ya spika kuna kiwavu chembamba sana. Kikianza kuziba, sauti inashuka taratibu kiasi kwamba mwenyewe hugundui. Vua kile kipira cha silikoni, kioshe peke yake kwa maji na sabuni, na usikirudishe mpaka kikauke kabisa. Halafu shika spika ikiwa imetazama chini, usugue kiwavu polepole kwa mswaki laini ulio mkavu, ili uchafu udondoke nje badala ya kuzama ndani. Nta iliyoganda unaweza kuinasa kwa ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani: bonyeza kidogo, vuta, rudia. Sindano na vijiti vya meno viache kabisa. Kiwavu kikitoboka, nta inafika kwenye utando wa spika na hapo mswaki hausaidii tena. Na usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

Kama ni safi na bado upande uko chini, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya zana za ufikivu. Humo kuna mstari wa uwiano wa sauti kati ya kushoto na kulia, na ukiguswa bila kujua unabaki umeegemea upande mmoja. Urudishe katikati. iPhone nayo inao, sehemu hiyo hiyo ya ufikivu, ndani ya mambo ya sauti.

Zile kubwa za kufunika masikio zina ugonjwa wao. Upande ukikata pale unapoikunja au kuipanua, na kurudi ukiichezesha, basi waya mwembamba unaopita ndani ya upinde wa kichwani umekatika karibu na bawaba. Fundi anapitisha waya mpya na kulehemu, mchezo unaisha. Hedifoni ya namna hiyo usiitupe.

Kisa kingine ni pande zote mbili kuwa hai lakini zimesahauliana. Unafungua Bluetooth unaona majina mawili, moja la kushoto na moja la kulia, au upande mmoja tu ndio unaoimba siku zote. Futa majina yote mawili kwenye simu kwa kugusa "Sahau", kisha zima Bluetooth ya simu kabisa ili isizidake tena. Toa pande zote kwenye kikasha cha kuchajia kwa pamoja, uzipe nafasi zitafutane, na nyingi hufanikiwa zenyewe. Zikigoma, rudisha mipangilio ya kiwandani. Kila kampuni ina namna yake. AirPods zenye kitufe mgongoni mwa kikasha, unaweka ndani, unafungua kifuniko na kushikilia kitufe kama sekunde 15 hadi taa imemete rangi ya kaharabu kisha nyeupe. Sony WH-1000XM4 unashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha CUSTOM kwa sekunde 7 au zaidi. Kwa nyingine tafuta jina kamili la modeli yako, liko chini ya kikasha au ndani ya mto wa sikio, na usikisie, kwa sababu mguso uleule kwenye modeli jirani unaweza kubadilisha lugha badala ya kufuta mipangilio.

INAKATAKATA

Bluetooth inatumia masafa ya GHz 2.4, na humo imejaa Wi-Fi, oveni za maikrowevu, kipanya na kibodi zisizo na waya, na Bluetooth za majirani. Ile ya kawaida ya muziki imegawa eneo hilo katika njia 79, na inaruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Toleo la 1.2 la mwaka 2003 liliongeza akili ya kukwepa njia zilizojaa, kama dereva wa daladala anayechepuka foleni kwa kupitia vichochoro. Vichochoro vyote vikijaa, sauti inakatika.

Hapo kuna mambo matatu ya kufanya. La kwanza, ruta yako kama ina GHz 5, hamishia simu na laptopu huko ili 2.4 ipumue. La pili, angalia mwili wako. Maji yananyonya sana mawimbi ya masafa haya, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kushoto na spika inayopokea mawimbi iko sikio la kulia, mawimbi yanalazimika kukuvuka wewe mwenyewe. Ukiwa ndani ya nyumba kuta zinarudisha mawimbi, huoni tatizo. Ukitoka kwenye uwanja wazi kukimbia, inaanza kukata. Hamisha simu mfuko wa upande mwingine, kisha sikiliza tofauti.

La tatu ni la wenye laptopu, na wengi hawalijui. Mlango wa USB 3.0 na nyaya zake hutoa kelele ndani ya masafa hayo hayo ya 2.4. Intel walichapisha maelezo yake mwaka 2012. Kama hedifoni inakatakata kila unapochomeka diski ya nje au kigawanya milango ya USB, sogeza kifaa hicho mbali kwa waya mrefu kidogo, au kichomeke upande wa pili wa laptopu.

MUZIKI MZURI, LAKINI MKUTANONI SAUTI INAKUWA MBAYA

Hili linawatesa sana wanaofanya kazi na kusoma mtandaoni, na si ubovu hata kidogo. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. Ya kwanza ni ya muziki: inapeleka sauti ya kushoto na ya kulia, kwa ubora, lakini kwenda tu, hairudishi chochote. Ya pili ni ya simu: inakwenda na kurudi, lakini ni nyembamba, haitenganishi kushoto na kulia, na kwa mtindo wa zamani inachukua sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde, kwa mtindo mpya kidogo 16,000. Muziki wa CD ni 44,100, ili upate picha. Mara tu Zoom au WhatsApp inapoiwasha maiki ya hedifoni, kila kitu kinahamia njia ya pili, pamoja na sauti unayoisikiliza.

Dawa yake: kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom, acha hedifoni iwe ya kusikilizia, ila kwenye maiki chagua ya laptopu. Ubora unarudi hapo hapo, na kwa kawaida watu watakusikia vizuri zaidi, kwa sababu njia ile nyembamba ndiyo inayoifanya sauti yako isikike kama uko ndani ya pipa. Kwenye Windows 10 hedifoni moja huonekana mara mbili kwenye orodha. Ile iliyoandikwa "Hands-Free" ndiyo ya simu, ile ya "Stereo" ndiyo ya muziki. Hedifoni mpya zenye LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth uliotangazwa mwaka 2020, zina uwezo wa kuondoa tatizo hili, lakini ni lazima vifaa vyote viwili viwe nayo.

SAUTI INACHELEWA NYUMA YA PICHA

Sauti inafungashwa kwenye simu, inarushwa, inafunguliwa sikioni. Kwa SBC, mfumo ambao kila hedifoni ya muziki inao, safari hiyo inaweza kula kama robo ya sekunde. YouTube huichelewesha picha kidogo ili vifike pamoja, ndiyo maana huoni shida. Gemu haiwezi kufanya hivyo, risasi inalia baada ya adui kuanguka. Kama hedifoni yako ina hali ya gemu, iwashe. Kama haina, kwa gemu tumia waya, huo ndio ukweli wangu.

HAICHAJI

Anza na vile vidoti vya shaba, kwenye kikasha na kwenye spika yenyewe. Jasho na mafuta ya ngozi yanatengeneza utando, na huku Pwani na chumvi ya hewani kinakuja kijani kabisa. Kijiti cha pamba, spiriti ya asilimia 70, sugua, acha ikauke. Upande mmoja kufa mara nyingi ni hilo tu: haujafa, haujachajiwa.

Halafu kuna suala la waya. Kikasha kina tundu la USB-C, unachomeka waya wenye C kote kuwili kwenye chaja ya kisasa, taa haiwaki kabisa. Ukichukua waya wenye ile plagi pana ya zamani upande wa chaja, inachaji. Sababu ni kwamba chaja ya C haitoi umeme mpaka ihakikishe kuna kifaa, na inahakikisha kupitia rezista za kilo-om 5.1 ambazo zinatakiwa kuwa ndani ya kifaa. Watengenezaji wa bei ya chini huziruka kuokoa senti. Kikasha si kibovu, kipe waya wa namna ile siku zote. Pawabanki nayo inaweza kujizima katikati, maana kikasha kinavuta umeme mdogo sana hadi inadhani hakuna kilichochomekwa.

Ukimaliza yote hayo na bado inakaa nusu saa wakati zamani ilikaa masaa, hiyo ni betri. Betri za lithiamu za aina hii kwa kawaida hushuka hadi kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kamili mara 300 hadi 500, na zile ndogo zina mAh (kipimo cha uwezo wa betri) 30 hadi 60 tu, hivyo upungufu unauona haraka. Joto linaziua mapema: usiache kikasha kwenye dashibodi ya gari juani. Na usiziweke kabatini miezi zikiwa sifuri. Ziache na nusu chaji.

Karibuni, leteni matatizo yenu. Andika modeli na simu unayotumia.

#2

Mkuu ubarikiwe kwa uzi huu. Mimi yangu ni hivi: sauti iko chini sana kwenye simu yangu ya Android hata nikipandisha mpaka mwisho. Nikiunganisha na simu ya mke wangu inapiga vizuri. Nimesafisha kiwavu, hakuna kitu.

#3 (mwanzisha uzi)

Kaka, jibu umeshalipata mwenyewe: kwa mke wako inapiga, basi ni simu yako. Simu na hedifoni kila moja ina kipimo chake cha sauti, na Android hujaribu kuvifunga viwe kimoja. Kwa baadhi ya hedifoni hesabu hiyo inakosewa. Nenda "Kuhusu simu", gusa namba ya muundo mara saba mpaka chaguo za wasanidi zifunguke, ingia humo utafute pa kuzima sauti kamili ya Bluetooth. Zima, tenganisha, unganisha upya. Sasa utakuwa na vipimo viwili: pandisha cha hedifoni kwa vitufe vyake, kisha cha simu. Anza chini kwanza, usije ukaumiza masikio, maana inaweza kuruka juu ghafla. Mengine yaliyomo humo usiyaguse.

#4

Habari zenu. Niko Mombasa. Mtoto ametumbukiza upande mmoja ndani ya ndoo ya maji, nikautoa baada ya dakika chache. Nimeuzika kwenye mchele tangu jana. Zimeandikwa IPX4. Kuna matumaini?

#5 (mwanzisha uzi)

Dada, pole. IPX4 maana yake inahimili kurushiwa maji, kama jasho au manyunyu, haikuahidi kuzamishwa. Ya kuzamishwa ni IPX7: mita moja, dakika 30, tena maji matamu. Lakini matumaini yapo.

Itoe kwenye mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani kuliko hewa ya kawaida, na vumbi lake linaingia kwenye kiwavu. Vua kipira, futa, uiweke mbele ya feni ikiwa imetazama chini, siku mbili nzima. La muhimu kuliko yote ni usiirudishe kwenye kikasha. Humo inaanza kuchaji yenyewe, na umeme ukikutana na maji ndipo kutu inapokula vidoti na saketi. Ikikauka, safisha vidoti kwa spiriti, ndipo uijaribu. Ikiwaka lakini sauti inasikika kama imefungiwa, ipe siku nyingine, utando wa spika bado una unyevu.

Na kwa wote mlio Pwani: yakiwa maji ya bahari, utaratibu ni mwingine. Suuza haraka kwa maji safi kwanza, kwa sababu chumvi ikikaukia ndani inaendelea kuvuta unyevu na kula shaba hata baada ya wiki.

#6

Mimi hedifoni imeunganishwa na laptopu na simu kwa pamoja. Nikiwa nasikiliza somo kwenye laptopu, sauti inakata ghafla, kimya, halafu inarudi. Nimejaribu laptopu mbili, hivyo hivyo.

#7

Ndugu wa #6, hiyo nilikuwa nayo. Ni simu inaingilia. Kila ujumbe wa WhatsApp ukilia, hedifoni inaihama laptopu kwenda kupiga ule mlio, halafu inarudi. Weka simu kimya au uitoe kwenye hedifoni wakati wa somo.

#8 (mwanzisha uzi)

Namuunga mkono mdau wa #7. Niongeze tu kwamba kama huitumii hiyo ya vifaa viwili mara kwa mara, izime kabisa kwenye programu ya hedifoni. Kwenye baadhi ya modeli ukiiwasha unapoteza mfumo wa sauti wa ubora wa juu kama LDAC bila kuambiwa. Pia hedifoni nyingi zinakumbuka idadi fulani tu ya vifaa, mara nyingi vinane. Ukiwa umeiazimisha ofisi nzima, kifaa cha zamani kinafutwa, na siku moja laptopu yako inakataa kuunganishwa. Futa pande zote mbili, kwenye laptopu na kwenye hedifoni, uoanishe upya. Kufuta upande mmoja hakutoshi.

#9

Mkuu, swali la betri. Nina kubwa za kufunika masikio, zinakaa dakika kama 40. Je, inawezekana kubadilisha? Na zile ndogo za mdogo wangu?

#10 (mwanzisha uzi)

Kubwa, ndiyo, na ninakushauri ufanye. Ndani ya mto wa sikio moja kuna skrubu, chini yake betri bapa ya volti 3.7 yenye waya mbili au tatu. Mtafutie fundi betri ya volti hizo hizo, inayoingia kwenye nafasi ile bila kulazimishwa, na yenye idadi ileile ya waya. Waya wa tatu ni wa kupima joto wakati wa kuchaji, asiukate kwa sababu tu betri mpya haina. Fundi akikuta ya zamani imevimba, asiichokonoe kwa bisibisi, inaweza kushika moto.

Ndogo ni ngumu zaidi. Nyingi zimegundishwa na kuzifungua ni kuzivunja. Baadhi, hasa zenye umbo la mviringo, zina betri ya duara iitwayo 1254, yaani kipenyo cha milimita 12 na unene wa 5.4. Hiyo inabadilika kwa fundi mwenye mkono mtulivu. Betri ya kikasha chenyewe kwa kawaida ni rahisi kuliko zote. Umoja wa Ulaya umeshapitisha kwamba kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi vinavyouzwa huko ziweze kutolewa na mtumiaji, isipokuwa aina chache, nami natamani sana modeli hizo zifike na kwetu.

Kuhusu yako: kabla fundi hajafunga skrubu, mwambie aichomeke chaji mbele yako, akae nayo nusu saa, halafu uguse betri kwa kidole. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto, mwambie aitoe hapo hapo, msifunge.